Vyeti Kabla ya Kazi
Kijana wa Nyalenda akiitwa kwenye mahojiano ya kazi mjini Kisumu, kwanza hukimbilia vyeti: cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha ushuru kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), cha mkopo wa masomo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe tayari kumpa mtu mkataba. Huniuma kuona mama akiuza kuku kwa ajili ya karatasi, ilhali pesa hiyo ingenunua shati safi soko la Kibuye na kulipa boda ya asubuhi. Badala ya kukimbilia vyeti, usiku wa kuamkia mahojiano mketishe nduguyo akuulize umewahi kufanya nini. Mjibu kwa mifano, hata kama ni hesabu za omena ulizomfanyia mama sokoni. Nanyi waajiri, itiini sheria.