Ukimtuma Paka, Mtume na Paa

Ramadhani iliyopita nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu. Usiku, baada ya tarawehe, watoto wanne walijikunyata juu ya mkeka barazani, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Walikuwa wanatazama katuni ya yule paka mwenye mabuti, anayemtoa kijana fukara kwenye dhiki kwa kumdanganya mfalme. Shangazi alikuwa kando anamenya vitunguu vya daku, hatazami, anasikiliza tu. Mara akasita na kisu mkononi.

"Hebu rudisheni nyuma. Paka kasema bwana wake kaibiwa nguo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi huyo si paka, huyo ni paa. Njoo hapa, mume wangu," akamwita mjukuu wake wa mwisho, "zima hiyo simu nikwambie."

Akawasimulia. Palikuwa na maskini akichakura jaani kama kuku. Siku moja akaokota thumni, akaitoa yote kununua paa. Watu wakamshangaa: mtu hana cha kula, ananunua mnyama? Paa akaenda malishoni, akapata almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kuwa posa ya bwana wake, ambaye alimpa jina kubwa, Sultani Darai. Ilipofika siku ya kumpeleka bwana mwenyewe, paa alimwacha kwenye maji bila nguo, akatangulia mjini kulia kwamba wameporwa njiani. Sultani akatoa mavazi, harusi ikafungwa. Nyumba nayo paa aliitafuta mwenyewe: nyumba ya nyoka mwenye vichwa saba, akavikata vyote.

Watoto walidhani wanajua kinachofuata, maana paka naye alimla zimwi aliyejigeuza panya, akalichukua kasri lake. Walikuwa wanangoja raha. Shangazi akashusha sauti. Paa akaugua. Bibi kizee wa nyumba ile akaenda kwa bwana kuuliza mgonjwa apewe nini, na bwana, naye yu ndani ya nyumba aliyotafutiwa na paa huyohuyo, akajibu apikiwe uji wa mtama. Nyumba ya kushiba wali! Bibi kizee akalia. Paa akafa, akatupwa kisimani. Usiku ule mke akaota yuko kwa baba yake, kulipokucha akajikuta kwa baba yake kweli. Mume naye akaota yuko jaani anachakura. Akaamka, yuko jaani.

Hakuna mtoto aliyesema neno. Kitambo kizima nilisikia kisu tu, na vitunguu vikidondoka kwenye sufuria.

Ndugu msomaji, ninaandika kwa ajili ya kimya kile. Kila siku tunarushiana video: za mahubiri, za vichekesho, za mapishi, na katikati yake hadithi za kale zilizovaa nguo mpya. Nyingi ni nzuri sana, na sitaki mtu aache kuzituma. Ninachokuomba ni kwamba ukiipenda video ya hadithi, uitume kama msimulizi. Sema nani kaitengeneza. Sema umeipendea nini. Halafu ongeza ile uliyosikia kwenu, hata kama unaikumbuka nusu. Ukimtuma paka, mtume na paa.

Paka yule tunayemwona kwenye katuni alichapishwa na Charles Perrault huko Ufaransa mwaka 1697. Kwa Perrault, paka anaishia kuwa bwana mkubwa, hakimbizi panya tena ila kwa kujifurahisha. Paa wetu alichapishwa London mwaka 1870, katika mkusanyo wa ngano za Kiswahili wa Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar. Visa viwili ni ndugu. Atakayevisikia vyote viwili hatauliza uthibitisho. Lakini mtoto aliyesikia cha paka peke yake amejifunza kwamba werevu hulipwa. Aliyesikia na cha paa amekutana na swali zito zaidi, la mtu aliyebebwa mpaka juu akamsahau aliyembeba. Ningependa watoto wetu wote wapewe nafasi ya kulala na swali hilo.

Kitabu kile cha Steere kina jambo jingine linalonigusa. Kichwa chake chenyewe kinakiri kwamba hadithi zilisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Jina lililobaki midomoni mwa wasomaji kwa zaidi ya miaka 150 ni la aliyeandika. Waliofungua vinywa vyao kusimulia, kwenye kichwa hicho wakawa "wenyeji" basi. Namshukuru Steere kwa kazi yake, bila yeye huenda visa vingi vingepotea. Ila sisi wa leo, wenye simu inayoweza kubeba sauti, sura na jina kwa pamoja, hatuna udhuru wa kurudia kosa hilo. Na tunalirudia kila siku. Mtu anapakua video, anakata pale penye jina la mtengenezaji, anairusha kwenye makundi ishirini. Watu laki wanaitazama, aliyeichora hajui hata kama imependwa.

Nimekaa chumbani na kijana mmoja Magomeni wakati anarekodi sauti ya sungura wa katuni yake. Alijifunika blanketi gubigubi, simu mdomoni, ili kelele za bodaboda zisiingie. Jasho linamtiririka. Kila bodaboda ikipita anaanza upya. Sentensi moja, "Fisi, rafiki yangu, leo umeamka salama?", aliirudia mara kumi na moja, kwa sababu alitaka sungura asikike mpole huku uongo ukimtoka kwa chini. Mtu wa namna hiyo ukimtumia wenzako linki ya kazi yake badala ya faili lililokatwa, macho yao yanahesabiwa kwake. Ni vidole viwili tu kwenye kioo, lakini kwake ni kodi ya mwezi au kukata tamaa.

Najua wako wanaosikitika, hasa wazee, kwamba hadithi zikivishwa suruali za jeans zimeharibika. Nawaheshimu, na nawaomba wakumbuke kisa cha kima na papa. Kule India, katika Panchatantra, kima anafanya urafiki na mamba, na mke wa mamba anautamani moyo wa kima. Ibn al-Muqaffa alipoandika Kalila na Dimna kwa Kiarabu katika karne ya 8, rafiki wa kima ni kasa. Kilipotua Zanzibar, wasimulizi wetu waliwaza samaki gani mtu wa pwani anamwogopa akiwa majini, wakamweka papa. Wakampandisha kima juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake yapo upande wa mji na nusu upande wa bahari. Kisha wakamwachia kinywani kisa kingine alichokuja nacho kutoka huko, cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, ili kima awe na la kumjibia papa anapomwita tena. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyeharibu. Mfupa ni uleule: moyo wangu nimeuacha mtini, nirudishe nikauchukue.

Waliokuja baadaye walifanya vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, kitabu kikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, na kwa neno hilo moja, mabepari, mji wa Italia ukasogea hadi enzi ya Azimio la Arusha. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walikwenda London, kwenye jukwaa la Globe lenyewe, wakaicheza kwa Kiswahili ile tamthilia ya Shakespeare ya wanawake wa Windsor. Mwaka huohuo, Marekani, kundi dogo lilimchukua msichana wa riwaya ya Jane Austen ya 1813, wakamkalisha chumbani mbele ya kamera, akawa anawasimulia watu wa YouTube habari za mama yake anayehangaika kuozesha mabinti. Yale The Lizzie Bennet Diaries yalifika sehemu 100, fupifupi, na kwa sehemu kubwa ni mtu na kamera chumbani. Ninaposikia vijana wetu wakisema hawana vifaa vya kusimulia upya Sungura au shujaa Fumo Liongo, huwaonyesha kazi hiyo.

Na ipo Vuta N'kuvute. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya, shule zikaisomesha, na wengi wetu tuliibeba kama mzigo wa mtihani. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kuwa filamu, na wahusika wake, Yasmin na Denge, wakapata nyuso, wakatembea katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Nilimtumia habari za filamu hiyo rafiki aliyewahi kuapa kwamba hatoishika riwaya tena maishani. Wiki mbili baadaye ananiuliza kama kitabu bado ninacho.

Kwa wanaosimulia upya nina ombi moja, na nalisema kwa moyo mweupe: msiondoe uchungu. Mvisheni sungura kofia, mpeni fisi bodaboda, hamisheni jumba la kisultani mlipeleke Masaki. Ila msimwokoe paa kisimani dakika ya mwisho ili mtazamaji aondoke anatabasamu. Wajukuu wa shangazi hawakulala na hofu usiku ule. Walilala na hasira juu ya yule bwana, na mmoja wao kesho yake aliniuliza kwa nini hakumpelekea mgonjwa wali hata mara moja. Hasira ya namna hiyo ni mali. Mwisho mtamu ungeinyang'anya.

Sasa suala la bando, maana najua litatajwa. Ni kweli, mtu mwenye bando la siku hawezi kufungua kila kinachotua kwenye kundi. Ndiyo maana naomba tupunguze. Badala ya klipu kumi zisizo na neno, tuma moja yenye maneno machache ya mkono wako: "Shikamoo wote. Hii ni ya dakika nane, ya sungura na kisima. Kaitengeneza kijana wa Kigoma, jina lake lipo mwishoni. Tazameni fisi anavyocheka, ni kama marehemu babu alivyokuwa anacheka. Mama mdogo, kwenu mwisho wake ulikuwaje?" Ujumbe kama huo, hata asiye na bando anaufaidi. Na mama mdogo atajibu. Utashangaa atakavyojibu.

Akijibu, mwombe umrekodi. Muulize kwanza, kwa adabu, na umwambie sauti yake itakwenda wapi. Yako mambo ya unyagoni na jandoni yenye wenyewe, hayarushwi. Wapo waliolelewa kwamba ngano hazisimuliwi mchana. Basi subiri usiku, hakuna haraka. Usimsahihishe lugha. Akichanganya Kidigo, Kizigua au Kipare na Kiswahili, acha kama alivyosema, maana huenda neno hilo mjukuu wake hatalisikia popote pengine. Mwanzoni mwa rekodi, ataje mwenyewe jina lake na nani alimsimulia. Hapo ndipo "wenyeji" wanapata majina.

Usiku ule wa Tanga tulirekodi. Mtoto mkubwa alishika simu, nami nikamwomba shangazi arudie tangu jaani. Ilichukua dakika kumi na saba, na mbu wanasikika, na mara moja mlango wa jirani. Tukaiweka kwenye kundi la ukoo, chini yake linki ya katuni ya paka, na maneno machache: hii ya bibi ndiyo kubwa, hii nyingine ni ya Wafaransa, sikilizeni zote. Ndugu zetu wa Muscat, waliohamia zamani, walikuwa wa kwanza kufungua. Kwa siku mbili watu wazima walibishana kama nyoka alikuwa na vichwa saba au tisa.

Siku ya tatu ikaja sauti ya binti wa miaka tisa, aliyezaliwa hukohuko Muscat, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiarabu. Alisalimu vizuri, akauliza: "Bibi, yule bibi kizee aliyempikia paa uji huku analia, yeye alikwenda wapi nyumba ilipopotea?"

Shangazi aliisikiliza mara mbili. Alikuwa ameketi palepale barazani, mikono ina unga wa futari. Akajifuta kwa khanga, akaniambia nibonye pa kurekodi na nisogee karibu. Watoto wakaja mbio wakakaa. Akakohoa kidogo, akaishika simu kwa mikono miwili kama anayeshika kikombe cha moto, akaita:

"Paukwa!"