Mlinda Lango wa Lubumbashi

Vijana wengi wa hapa Kindu wachezao mpira hudhani ya kuwa mchezaji hapati sifa asipovuka bahari. Yafaa basi tuwasimulie habari za Robert Kidiaba Muteba.

Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1976, alilinda lango la Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi tangu mwaka 2002 hata 2015. Akiwa nayo, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Watu wa nchi zote wakamwona Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka huku ameketi chini! Katika fainali walifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, lakini yeye hakukata tamaa. Mwaka 2015, mwenye miaka 39, alikuwa langoni Kongo iliposhika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika.

Basi, mzazi, akija mtu kukuomba fedha ili ampeleke mwanao kucheza Ulaya, usikimbilie kuuza mbuzi wala shamba. Uliza kwanza: ni timu gani, na mkataba u wapi? Mwana naye ajifunze kuvumilia. Haba na haba hujaza kibaba.