Bei ya kimondo iko kwenye karatasi

Jiwe la kilo 24.67 lililotoka sayari ya Mars liliuzwa kwa dola milioni 5.3, ada zikiwemo, katika mnada wa Sotheby's mjini New York Julai 2025. Ukigawanya utapata zaidi ya dola 200 kwa gramu, karibu mara mbili ya bei ya dhahabu ya wakati ule. Si ajabu wenye vijisenti wameanza kuulizia biashara ya vimondo.

Waulize kwanza kinachouzwa ni nini. Mwaka 2011 vimondo viwili vilidondoka Afrika, siku mbili tu zikipishana: Thika nchini Kenya, Julai 16, na Tissint nchini Morocco, Julai 18. Cha Thika kilikuwa cha aina ya kawaida, iliyo nyingi kuliko zote. Cha Tissint kilitoka Mars, na makumbusho makubwa ya London yakajipatia kipande cha kilo 1.1. Kwa nje yote ni mawe yenye ganda jeusi. Anayetenganisha shilingi na dola ni mtaalamu wa maabara. Kwa kanuni za Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha fani hiyo, gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, kiasi kilicho kidogo, hubaki kwenye taasisi kama sampuli, ndipo jiwe lipewe jina rasmi. Bila jina hilo, mnunuzi mwenye fedha hageuki hata kulitazama.

Agosti 2020 kimondo cha kilo mbili na ushei kilitoboa paa la nyumba huko Sumatra, Indonesia. Magazeti ya nje yakatangaza kuwa mwenye nyumba amekuwa tajiri wa dola milioni 1.8. Mwenyewe alisema alilipwa rupia milioni 200, yaani kama dola 14,000. Bei ya gazetini haijawahi kulipa deni la mtu.

Turudi kwenye jiwe la New York. Liliokotwa Novemba 2023 katika jangwa la Agadez, Niger, lakini jina lake rasmi ni Northwest Africa 16788, Niger haimo. Baada ya mnada, serikali ya Niger ilifungua uchunguzi na kusimamisha usafirishaji wa vito na vimondo nje ya nchi. Sotheby's ilisema taratibu zilifuatwa. Mfanyabiashara aelewe kuwa jiwe lenye mgogoro wa asili hushuka bei hata kama ni la Mars kweli. Na hili si soko la kahawa lenye bei ya kila wiki. Ukikwama na mzigo, umekwama.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo asinunue jiwe la porini kwa matumaini. Adai jina rasmi, kibali cha kutoka nchini na risiti ya muuzaji wa kwanza.

Serikali nazo zisilale. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inakataza kuuza au kusafirisha kimondo nje bila kibali. Kwetu Tanzania Kimondo cha Mbozi kina tani 16 hivi, hakuna wa kukibeba usiku. Vinavyotia wasiwasi ni vile vya kuingia mfukoni. Itamkwe mapema kibali kinatolewa na nani, na mwokotaji anapata asilimia ngapi, kwani akinyimwa kabisa, jiwe litapita njia za panya.