Si miguu pekee iliyoipa Ivory Coast ubingwa

USIKU wa Januari 22, 2024, Ivory Coast ilichapwa mabao 4-0 na Guinea ya Ikweta jijini Abidjan, mbele ya mashabiki wake, katika mechi yake ya mwisho ya makundi ya Fainali za Mataifa ya Afrika. Siku mbili baadaye Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka. Februari 11, katika uwanja uleule, wachezaji walewale walikabidhiwa kombe baada ya kuifunga Nigeria 2-1.

Katika siku hizo 20 hakuongezwa mchezaji hata mmoja. Ni kweli kwamba Sébastien Haller, aliyekosa mechi za makundi kwa majeraha, alirejea na kufunga bao la ushindi katika nusu fainali na katika fainali. Lakini mshambuliaji mmoja hawezi kueleza mabadiliko yote yale.

Bahati nayo ilikuwapo. Kama Morocco isingeifunga Zambia 1-0, wenyeji wangekuwa watazamaji. Waliponea katika nafasi ya mwisho ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, wakakabidhiwa kwa Emerse Faé, aliyekuwa msaidizi wa Gasset.

Mechi inayostahili kuchunguzwa ni ile ya robo fainali dhidi ya Mali, mjini Bouaké. Odilon Kossounou alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kisha Mali ikatangulia kufunga. Simon Adingra alisawazisha katika dakika ya 90, na Oumar Diakité akafunga la pili mwishoni mwa muda wa nyongeza. Timu yenye watu kumi huishi kwa kuaminiana. Mchezaji asiyemwamini mwenzake huenda kuziba pengo lisilo lake, na lake likabaki wazi. Asiyejiamini hukwepa mpira, au huurudisha nyuma ili lawama zimwangukie mwingine. Waivory Coast wale walikuwa wamekwisha kuzomewa na kuaibishwa, na hofu ya lawama haikuwa na cha kuwapunguzia tena.

Taifa Stars ilipitia kinyume chake katika mashindano hayohayo. Januari 21, mjini San Pédro, Simon Msuva aliifungia Tanzania bao la mapema dhidi ya Zambia, na wapinzani wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Badala ya kuutafuta ushindi wake wa kwanza katika historia ya fainali hizo, Stars ilirudi nyuma kulinda bao, hadi Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Tuwe waadilifu: Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa na CAF siku chache tu kabla, na kambi iliyotikiswa hivyo haitulii kwa usiku mmoja.

Mwaka 2023 CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa fainali za 2027. Agosti 2025 zilionja uzito wa uenyeji katika michuano ya CHAN: zote tatu zilifika robo fainali, na zote tatu zikaishia hapo. Shangwe za nyumbani ni mtaji hadi bao la kwanza la wageni linapoingia. Baada ya hapo uwanja mzima hunyamaza, na kinachobaki ni wachezaji 11 wanaotazamana.