Kofia ya Mkono Yataka Jicho la Kuitazama

Watu wa pwani tukitajiwa ufundi, fikira zetu hukimbilia jumba la makumbusho. Twazitaja siwa za Lamu na Pate, twaitaja milango ya nakshi, na tangu UNESCO ilipoutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, fahari hiyo imezidi. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba fundi aliye hai, anayeshona kofia barazani leo hii, twampita kama hatumwoni, na tukisimama ni kumpunguzia bei.

Itazameni kofia ya vito, wasomaji. Hushonwa kwa kitambaa cheupe cha maradufu, duara ya juu mbali na ukingo wa ubavuni mbali. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, kisha hutobolewa vitundu, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, hata kofia ijae. Kofia njema huweza kumla mshonaji miezi. Ya mashine hutoka upesi, na kwa mbali zote mbili ni kofia nyeupe zenye maua. Hapo jicho lisilofunzwa huona bei tu.

Langu lilifunzwa na mzee mmoja wa Lamu, mshonaji, kwa neno fupi: "Mwanangu, igeuze." Tangu hapo kila kofia naigeuza nje ndani, nifuate njia ya uzi. Kisha naiinua juani nitazame vitundu, vimekazwa sawasawa au vimelegea. Mwisho natafuta pale nakshi ya ukingo inapokutana baada ya kuzunguka. Pale fundi hana pa kujificha. Ua la mwisho likikutana na la kwanza bila kubanwa wala kuvutwa, basi huyo alihesabu kabla hajatia sindano.

Sasa ninazo kofia saba, na mbili sijapata kuzivaa. Nyumbani huniuliza ati nina vichwa vingapi! Wazee wetu walipanga sahani za Kichina zidakani, wala sijasikia waliulizwa watazilia lini.

Jambo moja nalishikilia sana, nalo ni jina. Muulize mwenye duka kofia hii kaishona nani. Mara nyingi hajui, maana kazi imepita mikono mitatu na fungu kubwa la fedha limebaki njiani. Kwangu kila kofia ina kijikaratasi chake: jina la mshonaji, mtaa wake, mwezi na bei niliyolipa. Siwa ya pembe tunayojivunia, ni wangapi kati yetu wawezao kumtaja aliyeichonga?

Wako watakaosema haya ni ya wenye fedha. Asiye nacho na anunue ya mashine, ni kofia halali. Namsema yule anayeshona kanzu ya thamani kwa Idi, kisha akamtaka mshonaji wa kofia apunguze nusu. Tumefundishwa habari ya ujira wa mfanyakazi. Je, barazani hayafiki mafundisho hayo? Kijana anayemwona babake akikatwa ujira wa miezi kwa maneno ya dakika tano hatashika sindano. Atapanda bodaboda, nami simlaumu.

Ya nane nimekwisha kuiagiza, na nusu ya fedha nimeitanguliza.