Laptopu ya Bibi Harusi na Kodi Isiyosemwa



Sisi tunaoandika leo ni wanawake wa visiwani tunaoishi Nyanda za Juu Kusini. Wengine tumefuata waume Iringa, wengine tulikuja kusoma Mkwawa au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, tukabaki. Baridi tumeizoea, buibui tunalivaa juu ya sweta. Tusilotaka kulizoea ni hizi laptopu za bei rahisi zinazotiwa kwenye sanduku la bibi harusi kama zawadi, kumbe zina kodi ya kila mwezi ambayo hakuna aliyeitaja.

Mwenzetu mmoja wa Iringa aliletewa moja. Nyepesi, nzuri, inawaka upesi. Muuzaji alimwambia bwana harusi kwamba picha zitakaa mtandaoni na nafasi haijai. Mwenzetu anapaka piko na kupamba kumbi, basi akatia humo picha za kazi zake zote, pamoja na za singo yake mwenyewe. Mwaka ulipopita, nafasi ya bure ikafika mwisho, akatakiwa alipe. Akasema hapana, nazishusha. Azishushe wapi? Laptopu yenyewe ina gigabaiti 32 tu, na sehemu kubwa imeshaliwa na mfumo. Tulikaa naye siku tatu tukimgawia intaneti kutoka simu zetu, bando juu ya bando, ili apate picha alizopiga kwa mkono wake.

Ukweli wa mashine hizi haujafichwa kokote, ila dukani hausemwi. Chromebook zilianza kuuzwa mwaka 2011 kwa fikra kwamba kazi zako zikae mtandaoni, ndiyo maana diski ya ndani ni ndogo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na ndani yake barua pepe, mafaili na picha vinagawana. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa. Tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Dakika moja ya video nzuri ya simu hula megabaiti 100 na zaidi, kwa hiyo usiku mmoja wa harusi unatosha kujaza yote. Ikishajaa, hata barua pepe hupokei. Gigabaiti 100 Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi. Ndogo, eti? Izidishe kwa miaka kumi ya ndoa, ni karibu dola 240. Na huduma za kidijitali kutoka nje zinatozwa VAT huku bara. Bando la kuzifikia hizo picha hatujalihesabu.

Programu nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Photoshop uliinunua mara moja ikawa yako, mpaka Adobe walipogeuza mwaka 2013: lipa kila mwezi, ukiacha kulipa inafungwa.

Hatusemi kulipa kila mwezi ni haramu. Hilo waulizwe mashekhe. Kodi ya nyumba tunalipa. Lakini mwenye nyumba hututajia bei siku ya kwanza. Tangu madrasa tumefundishwa kuwa bei ijulikane kabla ya kukubaliana, na aibu ya bidhaa isifichwe. Anayesema "haijai" huku anajua itajaa, huyo anauza nusu ya bei na nusu anamwachia bibi harusi.

Tutaambiwa mtandao umeokoa picha za walioibiwa simu. Kweli, na sisi wenyewe tumeokoka hivyo. Weka nakala huko, hatukatazi. Tunachokataa ni nakala ya pekee kukaa huko. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania nzima ikahangaika kwa intaneti. Siku kama ile Mbeya, laptopu isiyo na kitu ndani ni sinia tu, na ya kupakulia pilau haifai.

Tena kuna sitara. Usiku wa singo tumevua mabuibui, nywele wazi. Picha hizo ni amana, na sisi tunataka kujua zimelala wapi na nani ana ufunguo.

Basi mnaonunua Mwanjelwa au Miyomboni, na mabwana harusi mnaosomewa haya na dada zenu: ulizeni diski ya ndani ina gigabaiti ngapi. Ulizeni nafasi ya bure inaisha lini. Kama ni mtumba, ulizeni itapokea masasisho hadi mwaka gani, na kama imeshafunguliwa kutoka kwenye akaunti ya shule iliyokuwa ikiitumia. Akiwashwa kijasho, ondokeni. LibreOffice kwa kuandika na GIMP kwa picha ni za bure na zinafanya kazi bila mtandao. Wala si jambo geni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kabisa, mwaka 2004.

Mwenzetu sasa ana diski mbili za nje. Moja iko kabatini Iringa, nyingine ameipeleka mama yake Unguja, imefungwa ndani ya kanga.