Mizani ya uongo ni shoka

Katika mji wetu wa Goma maduka madogo ya gazi ya kupikia yameongezeka. Mwenye duka anasema: «Mama, acha makala, chukua gazi, tuokoe msitu.» Maneno hayo ni mazuri, tena ni ya kweli. Makala mengi tunayowasha hapa hutoka katika miti ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Katika tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala hula kilo 5 za kuni na zaidi. Na walinzi wengi wa parki wameuawa kwa kuilinda miti hiyo. Basi, anayepunguza makala anafanya kazi njema.

Lakini tunawauliza wauzaji, hasa wale tunaopiga nao magoti siku ya Mungu: je, matendo yenu yanafuata maneno yenu?

Tazameni yanayotendeka. Mama ameweka akiba majuma mengi, ananunua chupa ya kilo 6. Dukani hakuna mizani. Gazi inakwisha kabla ya siku zake. Mara ya pili ni vilevile. Mara ya tatu anaiuza chupa, anarudi kwenye mbabula na gunia la makala. Nani ameukata mti ule? Mchoma makala peke yake? Sivyo! Aliyempunja mama amekata pamoja naye, ijapokuwa mikono yake haina masizi.

Wengine humimina gazi toka chupa kubwa kuitia katika chupa ndogo, kando ya barabara, karibu na mama anayekaanga mandazi. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hutambaa chini mpaka ikutane na moto. Tena chupa haifai kujazwa pomoni, kwa sababu gazi iliyo ndani hutanuka ikipata joto. Lazima ibaki nafasi. Nyumba moja ikiungua, mtaa mzima utaiogopa gazi, na wote watarudi kwenye makala.

Wanatujibu: «Sisi ni wadogo. Kosa ni la wakubwa wanaoleta gazi, na la serikali isiyokagua.» Ni kweli, wakubwa wana deni lao. Lakini amri ya saba haikutolewa kwa wakubwa tu. Anayeuza chupa 3 kwa siku atahukumiwa kwa mizani yake, sawasawa na anayeuza 3.000. Wengine wanasema: «Njia ni mbaya, kodi ni nyingi, tufanye nini?» Basi, pandisheni bei waziwazi, mama ajue na achague mwenyewe. Kupunguza gazi kwa siri si biashara, ni wizi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinapaswa kusikilizwa pamoja. Hapa kwetu vilio hivyo viwili vinatoka katika chupa moja.

Tunadai nini? Mambo manne. Kwanza, mizani iwekwe mahali pa wazi. Uzito wa chupa tupu umeandikwa juu ya chupa yenyewe: ikiwa tupu ni kilo 7, ile ya kilo 6 za gazi ipime kilo 13. Pili, muuzaji apake povu la sabuni penye mdomo wa chupa mbele ya mnunuzi. Mapovu yakivimba, chupa isitoke dukani. Tatu, chupa iliyoliwa na kutu irudishwe kwa aliyeileta, isipakwe rangi na kuuzwa tena. Nne, kumimina gazi barabarani kukome.

Nanyi akina mama, msione haya kudai mizani. Kudai haki yako si ugomvi. Asiyetaka kupima, mwacheni na chupa zake.

Ninyi wauzaji wakristu, jueni kwamba gazi nayo hutoka chini ya ardhi pamoja na petroli. Si maji ya baraka, haimtakasi anayeiuza. Mkitaka kuitwa waokozi wa msitu, anzeni na kilo iliyo kamili.